Mwanangu, kabla hujaenda Rufiji

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Umeniambia unakwenda kujitolea miezi sita kwa akina mama wasuka mikeka, na kwamba somo la kuuza mtandaoni umeshaliandaa. Nimefurahi mno. Ila somo hilo liache kwanza kwenye begi.

Wiki za mwanzo kaa nao mkekani usuke. Hujui, watakufundisha. Utaona makuti machanga ya mkindu yanavyotoka kando ya mto, na mto ule una mamba. Yanachanwa, yanaanikwa hadi yawe meupe, mengine yanachemshwa na rangi. Hapo ndipo ukili, ule ukanda mrefu wa mkeka, unasukwa, pima baada ya pima, kisha unashonwa kuwa mkeka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, jua la kuanikia ni la kubahatisha, na mama huyohuyo ana mpunga shambani. Usimpokelee mtu oda ya mwezi wa nne kabla hujawauliza wenyewe.

Nakuambia haya kwa sababu niliwahi kuwaumiza. Duka moja la mjini liliagiza vikapu 60, nikakubali siku hiyohiyo kwa furaha. Vikarudi 23, havilingani ukubwa. Kila mama alipima kwa shibiri yake, na mikono haifanani. Sikuwa nimewaambia kwamba mnunuzi anataka vyote viwe sawa. Mmoja wao alikuwa amekopa rangi dukani akitegemea hela ile. Hakunilaumu, na mpaka leo naliona deni lile kama langu. Mwenyekiti ndiye aliyepata dawa: alikata kijiti, akakitia alama mbili, ya kitako na ya kimo, kila mwanachama akapewa cha kwake. Tangu siku ile hakijarudi kikapu kwa ajili ya ukubwa.

Jambo lililo moyoni mwangu zaidi ni bei. Siku moja tulichukua daftari tukauhesabu mkeka uliouzwa shilingi 30,000. Ukindu 9,000, rangi 4,000, nauli ya kuupeleka sokoni 3,000. Zikabaki 14,000, na kazi ilikuwa ya siku 12. Tulipogawa, hazikufika hata 1,200 kwa siku. Kimya kilichoingia pale sijakisahau. Akina mama hawa wanajua kuhesabu kuliko wewe na mimi. Sema hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba siku zao nazo ni mtaji. Anza hapo, mwanangu. Ukiwaletea wateja mia kwa bei ile, umewaongezea kazi tu, umaskini uko palepale.

Na mchuuzi anayechukua kwa mali kauli, yaani mzigo sasa na malipo baadaye, aandikwe: jina, idadi, tarehe ya kulipa. Asiyetaka kuandikwa, mzigo ubaki.

Watakuuliza pia habari za mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulisitishwa 2023, ukarejea 2024. Hauna riba, ni mkopo mzuri, na afisa maendeleo ya jamii atawaelekeza kuhusu katiba na usajili. Ila usiwasukume. Mkopo usio na riba nao unarudishwa, na kikundi kisichojua faida yake kitaurudisha kwa kuuza kuku wa nyumbani.

Simu yako waachie waishike wenyewe. Picha wapige wao, mteja wajibu wao, hata kama wanachelewa na wewe unaona ungemaliza kwa dakika mbili. Miezi sita ni michache sana.

Ukifika, nisalimie mwenyekiti. Muulize kama vile vijiti bado vipo, na kama vimepotea, kateni vingine kabla ya oda ya kwanza.

Shangazi yako