Mama Ima, nisaidie hili la vidonda

Mama Ima wangu,

Mbukwa sana. Habari za Morogoro, na Baba Ima ule mgongo umemwachia? Huku Dodoma wazima, ila upepo na vumbi la msimu huu unalijua, asubuhi baridi tunaenda zamu na masweta mawili. Tumekaa kimya mno mwaka huu. Nimeona nikuandikie kuliko kupiga maana kwenye simu nitaishia kulia tu, na hili nataka ulisome taratibu halafu unijibu.

Kuna binti mmoja, uzazi wa kwanza, wa huko vijijini njia ya Bahi. Alijifungua kwetu kwa operesheni, mtoto mzuri, akaruhusiwa akaondoka anacheka. Juzi wamemrudisha kwa bodaboda, mwili unawaka homa, bibi yake nyuma kambeba mtoto. Nilimfungua kidonda mwenyewe. Gozi ilikuwa imegandia ikabidi niiloweshe na maji ya dripu kidogo kidogo, na usaha ukaanza kutoka pembeni kabla hata sijaibandua, bibi akaweka kanga puani akageukia ukutani. Ila kilichobaki kichwani kwangu sio usaha, usaha tumeuona sana mi na we. Ni pale juu ya mshono, ngozi ina vimistari vyekundu vyembamba na vipele, ni wembe huo, unaona kabisa mkono ulikopita.

Sasa Mama Ima, mpaka leo wembe? Wanakuja nao wenyewe, si unajua uko kwenye vile vitu vya kujifungulia, pamba, glovu, wembe wa kitovu, basi ukishakuwepo pale mtu anaona autumie na kunyolea. Hakuna mwenye nia mbaya. Anayenyoa anaamini anamsafisha mgonjwa, kumbe kila kimkwaruzo ni sehemu ya wadudu kuzaliana. Miongozo ya WHO ya 2016 imesema wazi nywele ziachwe, na kama lazima zitoke basi ni mashine ya kukata, wembe hapana. Nimelisema hili kwenye ripoti ya asubuhi, wakaitikia wote, na mchana wa siku hiyohiyo nimekuta mgonjwa kashanyolewa.

Nikavuta faili la yule binti. Baada ya operesheni antibayotiki zimejazwa vizuri, asubuhi tiki, jioni tiki, hamna dozi iliyorukwa. Ile ya kabla ya kisu ndo haipo, sehemu yake nyeupe kabisa. Nimeuliza kwa upole bila kumnyooshea mtu kidole, wodini wanasema tulijua atachomwa thieta, kwenye chumba cha upasuaji, thieta wanasema tulijua katoka wodini kashachomwa. Yani hakuna aliyegoma kazi, kila mmoja aliamini mwenzake kafanya. Hapo ndo roho inaniuma, maana ungekuwa uzembe wa mtu mmoja ningejua pa kuanzia.

Daktari mmoja kijana, mtu mwenye heshima tu, akaniuliza sasa sista tofauti iko wapi wakati dawa anapata siku tano? Nikamwambia daktari, dawa inatakiwa imkute mdudu mlangoni. Ngozi ikifunguka ndo bakteria wanapata njia, sasa dawa iwe tayari iko kwenye damu, ndo maana ile cheklisti ya upasuaji salama ya WHO inauliza kama imechomwa ndani ya saa 1 kabla ya kisu. Na hizo siku tano za baadaye kwa mgonjwa asiye na maambukizi hazimkingi zaidi, miongozo inasema dawa ya kinga iishie operesheni inapoisha, ukiendelea unalea usugu wa wadudu kwa dawa tu, na ndugu wanaingia gharama. Mume wa huyu binti kauza mbuzi wa dawa, wa nauli, wa chakula cha bibi hapa nje, na mkewe bado amelala pale na kidonda wazi, mtoto ananyonyeshwa huku mama anatetemeka. Daktari alinisikiliza lakini nikaona hajashawishika, na unajua daktari humsikia daktari mwenzake.

Maji nayo. Mgao ukikaza bomba la wodini linakauka na tunabaki na ndoo yenye koki, na mtu anayezunguka vitanda vyote vile hawezi kuirudia ndoo kila mara, ni uongo tukimwambia afanye hivyo. Nashukuru kijana wetu wa famasi ameanza kutengeneza sanitaiza mwenyewe kwa ile fomula ya WHO, lita 10 anaweka ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, anajazia maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu anaiacha saa 72 kabla haijagawiwa ili vijidudu vilivyomo kwenye chupa vife. Inafanya kazi na mikono haikauki. Shida ni chupa, tunaokota za maji ya kunywa, mara kifuniko kimeziba, mara mgonjwa kadhani ni maji, hiyo ya mwisho inanitisha kuliko zote. Nimewaambia hakuna sanitaiza kwenye chupa ya maji ya kunywa tena, hata kama maana yake ni kukaa bila.

Narudi kwenye ile dozi maana ndo hasa nimekuandikia. We ni mtu wa Ifakara. Ulishawahi kusikia kwamba hiyo cheklisti ya upasuaji salama, ya maswali 19, WHO walipoijaribu 2007 na 2008 walichukua hospitali 8 tu dunia nzima na moja ilikuwa ya kwenu Ifakara? Yani London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na Ifakara! Matokeo yakatoka 2009, ukizijumlisha zote 8 vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7, na maambukizi ya kidonda kutoka 6.2 hadi 3.4. Kwa karatasi moja na watu kusimama kidogo kuulizana kwa sauti kabla ya kisu. Kwa hiyo mtu akiniambia hayo ni mambo ya Ulaya nitamwambia apande gari aende Kilombero.

Sisi karatasi tunayo, imebandikwa ukutani pale thieta. Inajazwa. Ila inajazwa operesheni ikishaisha, mtu anakaa anatiki zote kwa mkupuo. Na yule nesi mdogo aliyeanza juzi kaniambia aliona sindano haijachomwa akaogopa kusema kwa sababu daktari alikuwa keshavaa glovu. Alikuwa analia akiniambia. Nimemwambia hana kosa, kosa ni sisi wakubwa kumweka mtoto wa watu mahali ambapo kuuliza swali kunahitaji ujasiri.

Kikao cha kamati yetu ya IPC, ile ya kuzuia maambukizi, ni Alhamisi na mimi ndo naongea. Mganga mfawidhi atakuwepo na nadhani atanielewa, amekuja mwenyewe wodini kumwona yule binti. Nataka nikitoka pale mambo mawili yawe yameamuliwa, wembe usivuke mlango wa wodi kwa ajili ya kunyolea, na dozi ya kabla iwe na mtu mmoja anayeitwa kwa jina. Mengine hata yasogee mwezi ujao.

Sasa niambie. Kwenu dozi anachoma nani, ni mtu wa usingizi au inatoka wodini? Na saa inaandikwa wapi, kwenye faili au kwenye karatasi ya thieta? Hiyo cheklisti anayeisoma kwa sauti ni nani, na mabingwa walikubali vipi kusimamishwa na nesi? Mashine za kukatia nywele mlipataje bajeti, na vile vichwa vyake mnavisafishaje kati ya mgonjwa na mgonjwa? Chupa za sanitaiza mnanunua wapi? Na yule daktari wenu mrefu, wa Ukerewe, bado yupo? Anaweza kumpigia simu huyu wa kwetu wakaongea wenyewe? Nitumie picha ya fomu yenu iliyojazwa, ziba jina la mgonjwa, nitumie kabla ya Jumatano usiku.

Halafu na we lini unapanda hiyo treni uje? Moro na Dodoma sasa hivi pua na mdomo, na Sista Ndonde anakuulizia kila siku.

Msalimie Ima na Baba Ima.

Rafiki yako,
Mama Given