Gesi haiondoki mchana ikarudi jioni

Nyakato, Mwanza

Swahiba wangu,

Mwangaluka! Barua yako imefika, na habari za nyumbani zimenifurahisha sana, ila hilo la AC ya gari lako la Noah limenikosesha raha. Unasema ukitoka Musoma alfajiri AC inapiga baridi mpaka abiria wanajitanda khanga. Bunda unapita vizuri. Kati ya Lamadi na Magu, jua likishakuwa kali, upepo unageuka joto, na jioni gari likishapoa baridi inarudi yenyewe. Kwa tatizo hilohilo umeshalipia gesi, na sasa unaambiwa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa. Nakuomba usinunue kompresa kwanza.

Gesi ikipungua, imepungua. Haiwezi kuondoka saa saba mchana ikarudi saa kumi na mbili jioni. Mfumo ule umefungwa. Kama kuna mahali panavuja, baridi ingefifia siku baada ya siku, hata hiyo ya alfajiri usingeiona. Kinachokufa gari likipata moto na kufufuka likipoa, mara nyingi ni umeme. Inanisikitisha kuona fundi anashika geji ya gesi kabla hajashika tasta, kile kipima umeme. Na gesi ikizidi ni hasara nyingine: presha inapanda na kompresa inaelemewa. Gramu zinazotakiwa zimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na hupimwa kwa mizani. Hii R134a, gesi ya AC yenyewe, ikiachiwa hewani inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, ndiyo maana mataifa yalikaa Kigali, hapo kwa jirani zetu, mwaka 2016 wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Si kitu cha kumwaga na kujaza kwa kubahatisha.

Sasa, siku nyingine ikikata njiani, usizime gari. Weka mkono kwenye matundu ya dashibodi. Upepo ukiwa dhaifu huku feni ya ndani inavuma, huenda evaporeta, ile sehemu ya ndani inayopoza upepo, imeganda barafu, na hapo wa kushukiwa ni sensa yake, ile inayotakiwa kuikatisha kompresa kabla barafu haijashika. Upepo ukiwa na nguvu ileile lakini wa joto, fungua boneti uangalie kompresa, mikono na nguo mbali na mkanda. Puli huzunguka muda wote injini ikiwaka. Unachotafuta ni sahani ya mbele ya puli: klachi, ile sumaku ya umeme inayounganisha puli na kompresa, ikishika nayo huzunguka, ikiachia husimama. Najua kuna kompresa za siku hizi zisizo na klachi, lakini nimeifungua sana Noah yako, yako inayo.

Sahani ikiwa imesimama na AC imewashwa, pima umeme unaofika kwenye waya wa klachi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Usichomoe soketi ukapima waya mtupu, maana waya mbovu bado unaweza kuonyesha volti 12 kamili wakati haubebi mzigo. Ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa, injini inanguruma. Betri ikisoma 14 na klachi inapata 11, volti tatu zimepotea njiani, na koili, waya uliosokotwa unaotengeneza sumaku ya klachi, ikiwa na njaa haivuti sahani. Rudi nyuma hatua kwa hatua: soketi zenye kutu ya kijani, relei iliyoungua ndani, fyuzi isiyokaa sawa. Relei jaribu kwa kubadilishana na nyingine ya aina ileile hapo kwenye boksi. Usisahau upande wa hasi. Klachi nyingi zina waya mmoja tu, hasi inapitia bodi ya kompresa, kwa hiyo weka ncha moja ya mita kwenye bodi hiyo na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, kuna bolti ya ethi inayohitaji kusuguliwa.

Umeme ukifika wote na sahani bado haishiki, basi ni klachi yenyewe, na mimi huko ndiko ninakoshuku. Nafasi kati ya sahani na puli inatakiwa iwe karibu nusu milimita. Miaka ikienda sahani inalika, nafasi inapanuka. Koili nayo ikipata moto ukinzani wake unapanda, sumaku inapungua nguvu: asubuhi inaweza kuruka nafasi hiyo, mchana haiwezi. Pima nafasi kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia, na koili kwa mita, ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto. Nyingi husoma omu 3 hadi 5. Ikisoma vizuri na nafasi ikiwa imepanuka, dawa ni kutoa washa moja nyembamba nyuma ya sahani. Kompresa haiguswi, gesi haiguswi.

Feni ya kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, siipi nafasi kubwa. Feni ikifa, AC huchoka kwenye foleni ya Buzuruga na kupona barabarani. Yako inakata ukiwa kwenye mwendo. Iangalie tu kwamba inazunguka.

Lile wazo la huyo kijana uliyemtaja kwenye barua, kupiga dairekti waya kutoka betri na kuweka swichi kwenye dashibodi, likatae kabisa. Utakuwa umeruka swichi ya presha, inayoizima kompresa gesi ikipungua, na sensa ya barafu kwa mpigo. Gesi ikivuja siku moja, kompresa itaendelea kuzunguka bila oili, kwa sababu oili yake husafiri na gesi, na hapo ndipo itakufa kweli. Na waya usio na fyuzi ndani ya gari lenye abiria ni moto unaosubiri siku yake.

Ukija wiki ijayo, ukifika Igoma nipigie, uje moja kwa moja gereji bila kuzima injini, ili niipime ikiwa bado ya moto. Usiruhusu mtu mwingine aongeze gesi. Shemeji na watoto wasalimie sana, na kama dagaa wa huko wamekauka vizuri, niletee.

Swahiba wako wa Nyakato