Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Julai 2024 mpaka Juni 2025

Ndugu wanachama wenzangu, mwangaluka! Najua wengine mnasoma hii mkiwa kwenye daladala ya Buhongwa na wengine mko dukani mnasubiri mteja, kwahiyo mambo ya pesa namwachia mweka hazina, yeye atasoma hesabu pale mkutanoni na risiti zote anazo. Mi naongelea matembezi ya chama chetu ya mwaka mzima na lile suala la laifu jaketi, yaani maboya ya kuvaa kwenye boti, ambalo najua ndo wengi mnalisubiria.

Nianze na yaliyoshindikana. Mkutano uliopita watu walisimama wakasema wamechoka kuzunguka hapahapa Mwanza, wanataka Rubondo. Haya, kamati ikaingia kazini, tukapiga simu, tukauliza bei. Rubondo siyo ufukwe wetu wa Igombe jamani. Ni hifadhi ya kisiwa iko upande wa Geita, zaidi ya kilomita za mraba 450, ukienda lazima ulale, kuna usafiri wa kufika mwaloni, kuna boti, kuna kiingilio, kuna kula. Bei ilipowekwa kwenye grupu pakawa kimya siku nzima, halafu wale waliopiga kelele kuliko wote ndo wakaanza "mwenyekiti mwezi huu shule zinafungua". Nawaelewa kabisa, hata mi ada zinanihusu. Safari ikafa. Serengeti nayo ikafa hivyohivyo, japo geti la Ndabaka ni kama kilomita 140 tu kwa barabara ya Musoma na unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Sasa linganisheni na za karibu. Saanane ilibidi tugawanye watu makundi maana boti haikutosha, na nilichoshangaa ni jinsi watu waliozaliwa Mwanza, wakasoma Mwanza, wakaoa Mwanza, walikuwa hawajawahi kukanyaga pale, wanakiona kisiwa kila siku kutoka mjini wanapita zao. Unapandia boti Capri Point, dakika chache umefika. Ile ni hifadhi ya taifa kamili tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 na hapo wamehesabu mpaka maji. Kabla ya hapo ilikuwa zuu, ilianza 1964, ya kwanza Tanzania, na jina limetokana na mzee Saanane Chawandi aliyekuwa anaishi pale analima na kuvua kabla serikali haijakichukua kisiwa. Kuna swala, kuna pimbi wamejaa kwenye mawe, kuna mamba, ila watoto wetu wote waliishia kwenye mjusi. Yule dume mwenye kichwa chekundu mpaka mabegani na mwili wa bluu, akikuona anapanda juu ya jiwe anapiga pushapu, anasimama, anakuangalia, anapiga tena. Watoto wakawa wanampigia naye pushapu palepale kwenye jiwe la moto, mama mmoja akacheka akasema huyu mbona yuko ukutani kwangu Mabatini kila siku namfukuza na fagio. Ndo hivyo.

Igombe na Luchelele tumeenda sana, kwa sababu nauli ni ya daladala na kila familia inajipangia, mwenye mkaa anakuja na mkaa, mwenye sato anakuja na sato, michembe ya bibi, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inazunguka mpaka inaisha. Hapa kuna watu walinung'unika kuhusu ile sheria ya kamati kwamba hakuna kuogelea kwenye maji yaliyotulia yenye nyasi na magugu. Naomba nieleze tena kwa utaratibu maana naona kuna mtu kasema kwenye grupu kamati inaogopa maji. Kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye nyasi za pembezoni, vijidudu vinatoka kwa konokono vinaingia kwenye ngozi yako bila hata kukuuma, na jua likiwa kali mchana ndo vinatoka kwa wingi, yaani muda uleule ambao watoto wanapenda kuchezea maji. Halafu kichocho cha huku ziwani mara nyingi ni kile cha tumbo, kwahiyo ukisubiri mpaka uone damu kwenye mkojo utasubiri sana huku ini linaumia. Ukishaingia ziwani ukawa na wasiwasi nenda kituo cha afya ukapime choo, dawa ipo ni praziquantel, unameza unaendelea na maisha. Asije mtu akasema hatukumwambia.

Kingine ni upepo. Wanachama wapya labda hawajui, ziwa letu asubuhi limelala kabisa unaweza kudhani ni bwawa, ikifika mchana upepo unaanza kuingia kutoka ziwani na mawimbi yanainuka, ndo maana ratiba zetu za boti zote ni za asubuhi. Siyo roho mbaya. Kuna ndugu yetu mmoja, simtaji na anajijua, alichelewesha boti nzima kwa sababu samaki wake alikuwa bado yuko kwenye jiko, tukarudi watu wamelowa mpaka mifukoni, mpaka leo mkewe hajamsamehe.

Haya tuje kwenye laifu jaketi. Safari mojawapo tulikodi boti kwenye mwalo fulani, tulipofika tukauliza maboya yako wapi, jamaa akavuta gunia chini ya benchi. Jaketi zimelowa, sponji limekatika vipande, nyingine vifungo vimeng'oka wamefunga na kamba ya nyavu, na ya mtoto hakuna hata moja. Tukamvalisha mtoto wa miaka sita ya mtu mzima, katibu akamshika mabegani pa jaketi akainyanyua juu kidogo tu, jaketi ikapanda ikamfunika masikio na mtoto akabaki chini kama utambi wa taa. Sasa hiyo akiwa kwenye maji inafanya nini? Inatoka kichwani inaelea peke yake. Ya mtoto inatakiwa imkae yeye, na iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu ndo isipande. Mwenye boti akasema mbona tunakoenda ni hapo tu. Tukashuka wote, tukala samaki wetu nchi kavu, na kuna waliokasirika kwamba mwenyekiti kawaharibia siku.

Mi na hilo la "hapo tu" sina mjadala nalo. Sisi ni watu wa Mwanza, makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba yako pale Igoma, tangu Mei 1996, wengine humu tuna ndugu zetu pale. Na kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, kilipinduka pakiwa pamebaki padogo sana kufika gati la kisiwa cha Ukara, watu wakiwa wanawaona ndugu zao waliokuja kuwapokea.

Kwahiyo kamati inapendekeza ile pesa iliyotengwa kwa ajili ya tisheti za chama inunue laifu jaketi zetu wenyewe, tuanze na za watoto, zikae kwa mtunza stoo, kila safari zinatoka na zinarudi zimekaushwa kivulini. Najua tisheti mnazitaka, hata mi niliiona ile dizaini ni nzuri na ile nembo ya jiwe la Bismarck, lile jiwe letu maarufu la ziwani, imetulia, ila tisheti haielei. Anayetaka tisheti sana atajinunulia, bei mweka hazina anayo. Mkutano utapiga kura na mkiikataa nitaheshimu, lakini mjue mimi sitapandisha mtoto wa mtu kwenye boti kwa jaketi zile za kwenye gunia.

Kuhusu njia ya kushukia ufukweni kule tulikozoea kufanyia pikniki, mnajua imewekwa uzio na sasa tunazunguka mbali. Tumeandika barua serikali ya mtaa, bado tunasubiri jibu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazungumzia mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, kwamba shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira haziruhusiwi ndani ya hizo mita, kwahiyo tunaomba waje wapime tu, hatugombani na mtu. Naomba kijana yeyote asiende kung'oa nguzo, tafadhali sana.

Usafi tuko vizuri kiasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na kweli imepungua, shida imebaki chupa za maji na za soda, na zile tunazoziokota siyo zote za wageni.

La mwisho ni daraja. Limefunguliwa Juni hii mwishoni kabisa mwa mwaka wetu, Kigongo mpaka Busisi, kilomita 3 juu ya maji, sehemu ambayo tulikuwa tunakaa foleni ya feri mpaka unamaliza mahindi ya kuchoma matatu na gugu maji likijaa ndo unasahau kabisa. Maombi ya kwenda kupiga picha yamejaa kwenye simu yangu. Mi naona badala ya kwenda kupiga picha darajani tu na kugeuza, tuvuke, tukae siku nzima upande wa Sengerema, tujue na kule kukoje, maana sasa ni karibu. Kama mna mawazo ya sehemu leteni kwa katibu, ila ziwe sehemu ambazo mtu mwenye watoto wanne anaweza kwenda bila kukopa.

Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi saa nane mchana, sehemu ileile, soda zipo. Kila mwenye watoto aje na kilo za kila mtoto zimeandikwa, pimeni hata kwenye mzani wa duka la mchele, maana laifu jaketi zinanunuliwa kwa uzito na siyo kwa umri, na tukiagiza kwa kukisia tutarudi kulekule kwa katibu kuinyanyua.