Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Walimu wa Hisabati, Tanga

Ndugu wanachama wa Tanga Mjini, Muheza na Pangani, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Mambo ya ofisi ni machache. Vikao vilifanyika, ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na hesabu kamili atazisoma mhazini.

Ninalotaka kulisemea kwa kirefu ni mjadala wa kikao cha Chumbageni. Walimu vijana walisema dai la Goldbach la mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kuanzia 4 ni jumla ya namba tasa mbili, limeshakwisha, maana kompyuta zimelipima hadi 4 yenye sifuri 18 nyuma yake na hazikukuta kasoro. Wengi waliafiki. Mimi siafiki, na nawaomba sana msiipeleke hoja hiyo darasani.

Mtazameni mwanahisabati George Pólya, mwaka 1919. Ivunje namba katika vigawo tasa, kisha uiweke kundi la shufwa au la witiri kwa idadi ya vigawo hivyo: 12 ni 2 × 2 × 3, vigawo vitatu, witiri, 10 ni 2 × 5, viwili, shufwa. Namba 1 haina hata kimoja, basi imo kwenye shufwa. Pólya alidhani kwamba ukihesabu kutoka 1 hadi namba yoyote kuanzia 2, kundi la shufwa halitalizidi la witiri. Pima hadi elfu, hadi milioni, hadi milioni 900: dai limesimama. Linaanguka kwa mara ya kwanza kwenye 906,150,257. Namba hiyo ilijulikana mwaka 1980, lakini mwanahisabati Haselgrove alikwishathibitisha mwaka 1958 kwamba dai si kweli, bila kuwa na namba yoyote ya kuonesha. Hapo ndipo penye utamu wa somo letu!

Sisemi kompyuta haifai. Mwaka 1976 wanahisabati Appel na Haken waliitumia kuthibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi zinazopakana kufanana rangi. Ila kwanza wao wenyewe walizipunguza ramani zisizo na mwisho zikawa hali chache zinazohesabika. Bila kazi hiyo, mashine ingepima ramani hadi kesho.

Wanafunzi wetu hujaribu mifano mitatu, kisha wakaandika kanuni. Tukiwaambia mashine nayo hufanya hivyo hivyo na inatosha, tumewapoteza.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kila mwalimu alete dai moja kwenye kikao kijacho. Kompyuta italitafutia mfano wa kulivunja. Ukikosekana, tutashika chaki tulithibitishe. Wa Pangani waliobakiza ada, tafadhali mje nazo siku hiyo hiyo.