Barua kwa Baba Amina, kuhusu Super Cub

Baba Amina,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na watoto. Huku sote wazima, ila baridi ya Julai inatutoa kamasi.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu utanikatiza kabla sijamaliza. Nataka kununua ndege. Usicheke kwanza.

Ni Piper Super Cub ya mwaka 1959, viti viwili, abiria anakaa mgongoni mwa rubani, na gurudumu la tatu liko mkiani. Mzee mwenye nayo macho yamemkatalia, na ndege imelala bandani miaka minne. Bei aliyonitajia haipiti sana Prado ya mtumba, na tuko watatu tunaochanga. Nilipoketi kiti cha mbele nikashika fimbo, we acha tu! Mlango uko kulia, nusu yake inapanda kujibana chini ya bawa, nusu inaanguka chini, na rubani anapaa mlango ukiwa wazi hivyo hivyo, upepo unampiga kiwiko.

Lakini bei ni mahari tu, hutolewa mara moja. Linaloninyima usingizi ni matunzo. Hanga, bima, ukaguzi wa kila mwaka na mafuta nimeshavipigia hesabu, vinauma ila vinajulikana. Yaliyojificha ndiyo siyawezi.

Injini ni Lycoming O-320, nguvu za farasi 150 (hizo ni farasi za kwenu pwani, hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na zinabaki kama 125). Imefanya saa 900 tangu ovaholi, yaani tangu ifunguliwe yote na kufanywa upya, na kiwanda kinaruhusu 2,000, basi wenzangu wanashangilia. Mimi nikakukumbuka ukisema injini ya ndege huuawa na usingizi kuliko kazi. Kamshafti ya Lycoming, chuma kinachofungua vali, iko juu ya krankshafti, mhimili unaozungusha propela. Ndege ikilala, oili yote inashuka chini, chuma cha juu kinabaki kikavu, na unyevu unaanza kukitafuna. Tena kiwanda hakihesabu saa peke yake, kinahesabu na miaka 12, na ovaholi hii ni ya 2009. Tumepima mgandamizo, silinda zote nne zimetoa zaidi ya 70 kwa 80, yaani zinabana vizuri, lakini kipimo hicho hakioni kamshafti. Itabidi tufungue silinda moja tuchungulie, sivyo?

Kitambaa cha mabawa nilikigonga kwa kidole kikalia kama ngoma iliyowambwa vizuri. Tumboni, karibu na mkia, changarawe zimekitoboa na viraka vimepandana vitatu. Hilo halinitishi.

Linalonitisha ni nguzo ya bawa la kushoto, lile bomba la chuma linalolishikilia bawa kwenye bodi. Pale chini inapoingia kwenye bodi, rangi imetuna kama lengelenge la mtu aliyemwagikiwa chai. Nikaibonyeza kwa ukucha, ikapasuka, na ndani mkatoka unga wa kahawia. Unajua kuliko mimi kwamba maji hupenya kwenye bomba lile, yakatulia chini, na kutu ikaanza kula kutoka ndani wakati nje kunang'aa. Ndiyo maana Wamarekani wametoa amri zikaguliwe kila miezi 24, isipokuwa zile zilizozibwa kabisa kiwandani. Nikatafuta ukaguzi huo kwenye vitabu vya kumbukumbu za ndege. Wa mwisho ni wa zamani mno. Na kitabu cha kwanza cha bodi hakipo kabisa. Mzee anasema kililiwa na mchwa. Mchwa gani wanaokula kitabu kimoja na kuacha vitatu? Kama mtu alianguka nayo mwaka 1971, mirija ya bodi ikanyooshwa kwa nyundo, ingeandikwa mle mle.

Simtuhumu mzee. Ni mtu wa watu, na alinipa chai ya tangawizi. Ila nguzo mbili mpya nitazikata kwenye bei yake hata akinuna, na injini tutaihesabu kama iliyokwisha.

Wenzangu wanataka tutoe arbuni Ijumaa. Nimewaambia hakuna senti itakayotoka mpaka wewe, fundi wangu wa Mombasa, uingize mkono wako mle ndani. Panda treni ya Alhamisi, nauli juu yangu, nitakupokea stesheni ya Syokimau. Njoo na tochi ile nyembamba na kioo chako chenye mpini mrefu, cha kwangu kimevunjika.

Ndugu yako,
Baba Neema