Malazi ya Mombasa: naomba uthibitisho kabla ya Jumatano usiku

Asalaam aleikum, wazee wetu, mashangazi na ndugu zangu nyote wa Malindi.

Safari yetu ya Mombasa iko palepale. Tutaondoka Ijumaa saa nane mchana, baada ya swala, ili tuvuke Mtwapa kabla ya msongamano wa jioni.

Kuhusu malazi, hoteli za ufukweni Nyali nimeziacha, kwa sababu bei zao hupanda wikendi, nasi mchana kutwa tutakuwa Fort Jesus na katika vichochoro vya Mji wa Kale. Karibu na hapo nimepata nyumba ya wageni ambayo chumba cha watu wanne ni shilingi 4,800 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Mtoto wa chini ya miaka sita halipiwi akilala na wazazi wake, ila godoro la ziada ni shilingi 500. Feni na vyandarua vipo. Ngazi ni za kizamani, nyembamba na zenye kusimama, hivyo Bibi nimemwombea chumba cha chini.

Naomba kila familia:
1. Iandike hapa idadi ya watu wazima na watoto, pamoja na umri wa watoto, kufikia Jumatano saa mbili usiku.
2. Imtumie mweka hazina malipo ya usiku mmoja kwa M-Pesa; usiku wa pili tutalipa tukifika.

Vyumba tumeshikiliwa hadi Alhamisi asubuhi tu. Asiyeweza kusafiri pia anijulishe, tafadhali, chumba chake kisije kikalipiwa bure.