Megawati tumepata, sasa tuangalieni transfoma za mitaani

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee umeme, na kama barua imekuwa ndefu nivumilie tu maana hili jambo linatuumiza mafundi, wauza samaki na kila mwenye friza hapa mjini.

Toka bwawa la Nyerere likamilike mazungumzo yote ni megawati. Na kazi imefanyika kweli, mimi siibezi hata kidogo, mashine 9 za megawati 235 kila moja jumla 2,115, pale Rufiji ambapo pameongelewa toka enzi za Mwalimu mwenyewe. Ujenzi ulianza 2019, Februari 2024 mashine ya kwanza ikaingia kwenye gridi, na 2025 zote tisa zikawa tayari. Sisi tuliokula mgao wa 2006 maji ya bwawa la Mtera yaliposhuka, tukala wa 2011, tukala na ule wa mwishoni mwa 2023, thamani yake tunaijua. Machi 2024 ilifika mahali vituo vitano vya umeme wa maji vikazimwa sababu umeme umezidi mahitaji, yani nchi ileile ambayo wiki chache nyuma ilikuwa inapangiana zamu za giza! Ukiweka na gesi ya Songo Songo iliyoanza kuwasha mitambo ya Ubungo 2004, na ya Mtwara iliyokuja na bomba la kilomita 500 na ushee mwaka 2015, uwezo wa nchi sasa umepita megawati 4,000 wakati mahitaji ya juu kabisa ni kama nusu ya hapo.

Sasa kama umeme upo wa kubaki, kwanini saa moja usiku huku kwetu Kinyerezi feni inagoma kuzunguka?

Mimi nachomelea mageti na grili. Mashine yangu inataka volti 230, mchana nikipima nakuta 200 na kitu, hapo kazi inaenda. Jioni nakuta 170, siku nyingine chini ya hapo, na hapo hamna kazi tena, rodi inaganda kwenye chuma, moto haushiki, na ukilazimisha weldi inatoka na vitundu, ukiigonga na nyundo inaachia. Siwezi kumpelekea mtu geti la hivyo. Inabidi ningoje usiku mkubwa watu walale ndo volti ipande, na hao majirani nao wana haki ya kulala bila kusikia grainda. Na hapa mitambo ya gesi tunaiona kwa macho, Kinyerezi I na Kinyerezi II, nguzo za msongo mkubwa zinapita hapahapa.

Wengi wanadhani ukikaa karibu na mtambo umeme unakuja moja kwa moja, sivyo. Unapandishwa msongo, unasafiri, unafika kituo cha kupozea, unashushwa mpaka kilovolti 33 au 11, unaingia kwenye transfoma ya mtaa na hapo ndo unashushwa wa mwisho kuja nyumbani. Kwetu unapokwama ni hapo mwisho. Transfoma iliwekwa wakati mtaa una nyumba chache na mashamba ya mihogo, leo kila kiwanja kina nyumba, kila nyumba ina wapangaji, kila mpangaji ana friji lake na pasi lake, na waya ni uleule mwembamba umevutwa nguzo kwa nguzo mpaka mwisho wa mtaa. Waya ukiwa mrefu na mzigo ni mkubwa volti inaliwa njiani, wa mwisho anabaki na makombo. Bado fezi, yani zile njia tatu za umeme zinazotoka kwenye transfoma, unakuta mafundi wamewarundika watu kwenye fezi moja nyingine mbili zina nafasi. Kuna wanaosema tatizo ni vishoka wanaounganishia watu umeme kinyemela, sawa, vishoka wapo na washughulikiwe, ila nyumba nyingi huku zina luku halali na zinanunua yuniti kila wiki.

Na hili litakuwa kubwa zaidi sababu ya majiko. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, inataka ifikapo 2034 watu asilimia 80 wawe wameachana na kuni na mkaa, na umeme ni moja ya njia zinazohimizwa. Mimi naunga mkono kabisa, mke wangu kakohoa na moshi wa mkaa miaka na miaka. Lakini pigeni hesabu. Jiko la koili linakula wati 1,000 mpaka 2,000. Mtaa wenye transfoma ya kVA 100, yani isiyoweza kubeba zaidi ya kilowati 100 hivi, nyumba 50 tu zikibandika ugali saa moja jioni kwa wati 1,500 kila moja ni kilowati 75 zimeondoka hapohapo, bado hatujawasha friji wala tivii wala pampu ya maji, na mtaa wenyewe una nyumba zaidi ya hizo 50. Halafu volti ikishuka mpaka 170 jiko la koili linatoa joto kama nusu tu ya linalotakiwa, kwahiyo maharage hayaivi, yuniti zinaenda, mama anachoka anarudi kwenye mkaa na hapo utamlaumu vipi? Friji nalo likikosa volti kompresa inashindwa kuanza, inanguruma inachemka mpaka inaungua, muulizeni fundi friji yeyote wa Gongo la Mboto anapata wateja wangapi kwa sababu hiyo.

Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana hapahapa Dar kuongelea kuwaunganishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030, na vijiji vyetu vimeshafikiwa karibu vyote, hongera. Ila mteja akishaunganishwa anahesabiwa amepata umeme basi, hakuna anayerudi kupima kinachomfikia.

Ninachotaka ni kila transfoma ipimwe jioni mzigo ukiwa juu, sio saa nne asubuhi watu wako makazini. Majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa: uwezo wake, wateja wangapi, volti ya nyumba ya mwisho, inabadilishwa lini. Tukijua ni mwakani tutapanga, kinachotuumiza ni kuambiwa "tunalifanyia kazi" bila tarehe.

Na wewe mhariri nakuomba uwape waandishi wako mita ya kupimia volti, Kariakoo zipo za bei nafuu, waende Chanika, Kivule, Mbagala, Goba na huku kwetu kuanzia saa moja mpaka saa tatu usiku, wapime nyumba ya kwanza na nyumba ya mwisho ya kila laini, namba zote mzichape gazetini na jina la mtaa.

Fundi wa kuchomelea,
Kinyerezi, Dar es Salaam